Dodoso la mtandaoni la safari za kaya: kwa nini watu wa Dar wanaishia katikati?

#1 Fundi_Fomu
Wakuu habari za jioni. Niko kwenye timu inayotengeneza dodoso la mtandaoni la safari za kaya hapa Dar, yaani nani anaishi hapo nyumbani, wana chombo gani cha usafiri, halafu jana kila mmoja alitoka saa ngapi, alienda wapi, kufanya nini, alipanda nini, aliunganisha gari wapi, nauli kiasi gani. Zamani hii ilikuwa kazi ya karani na karatasi mlangoni, hata ule mpango mkubwa wa usafiri wa Dar waliousaidia JICA (shirika la misaada la Japani) ukatoka 2008 ulihoji watu majumbani. Sisi tumeambiwa tutume linki, mtu ajaze mwenyewe kwenye simu, eti ndo rahisi.

Sasa watu wanaingia vizuri tu, wanajaza idadi ya wanakaya, umri, kazi, wanafika safari ya kwanza wanajaza, ya pili wanajaza nusu, wanapotea. Na waliofika mwisho wengi wanasema jana hawakutoka kabisa nyumbani. Jumanne, Dar hii, watu wazima wenye ajira, hawakutoka! Bosi anasema watu wavivu tu, tuongeze vocha. Mimi nasema fomu ndo ina kasoro. Kama ulishawahi kuanza kujaza dodoso la hivi ukaliacha njiani, ulikwama wapi?

#2 mpangaji_wa_nje
Naweka kambi hapa, wajuzi wanakuja.

#3 Baba Kizuiani
Mimi nilishajaza moja, sijui ya nani, linki ililetwa kwenye grupu la mtaa. Nakaa Mbagala Kizuiani nafanya kazi Kariakoo. Asubuhi gari linalotoka Rangi Tatu likifika kwetu limeshajaa watu wananing'inia mlangoni, kwa hiyo navuka barabara napanda linaloelekea Rangi Tatu, nageuza nalo, nauli nalipa mara mbili lakini nafika mjini nimekaa. Haya fomu inauliza kituo cha kwanza ulikwenda wapi, naweka Rangi Tatu. Kusudi la safari? Kazi, shule, ununuzi, hospitali, kutembelea ndugu, nyinginezo. Sasa mimi Rangi Tatu sina ndugu wala sinunui kitu, nilifuata siti. Nikabonyeza nyinginezo, kikafunguka kisanduku tafadhali eleza. Nikaeleza kidogo, nikabonyeza endelea, ikaniuliza ulikaa hapo Rangi Tatu kwa muda gani, na ulirudi nyumbani kwa chombo gani. Sikurudi nyumbani jamani, niko ndani ya gari lile lile! Nikazima simu.

#4 chapati_za_maji
😂😂 Kusudi la safari: siti. Mzee shikamoo.

#5 Baba Kizuiani
Marahaba. Cheka tu, kesho ukisimama toka Kizuiani mpaka Kariakoo ndo utaelewa.

#6 Karani Mstaafu
Mtoa mada, hilo la "sikutoka" linajulikana sana kwenye hizi kazi wala sio la Dar peke yake. Mtu akishajaza safari moja akaona ina maswali tisa nyuma yake, anajifunza. Akifika kwa mwanakaya wa pili anaweka hakutoka, wa tatu hakutoka, na mama mkwe naye hakutoka. Fomu yenyewe ndo imemfundisha. Watafiti wa usafiri Madre, Axhausen na Brög waliandika mwaka 2007 wakilinganisha tafiti nyingi, wakasema siku ya kazi watu ambao kweli hawakutoka wategemewe kuwa kama asilimia 8 mpaka 12. Ukiona yako iko juu sana ya hapo, wengi ni watu waliokukataa kwa adabu.

Ushauri wangu waulize kwanza wanakaya wote walienda wapi na wapi, mahali tu, orodha yote ikamilike, ndo urudi nyuma kuuliza chombo na nauli. Akishaandika kwamba alienda Kariakoo na Buguruni hawezi tena kusema hakutoka.

#7 dada_mkavu
Karani hiyo asilimia 8 mpaka 12 imetokana na data za huko kwao. Huku mtu anafanya biashara kibarazani kwake, anakaanga samaki jioni hapo hapo mlangoni, fundi cherehani yuko sebuleni. Hao kweli hawakutoka na wana ajira. Mkianza kuwahesabu kama waongo mtaharibu data kuliko ilivyokuwa.

#8 Karani Mstaafu
Sijasema waongo dada yangu, nimesema wategemewe. Ila hata huyo wa samaki, samaki kawatoa wapi? Feri. Saa ngapi? Alfajiri. Kaenda na nini? Ukimuuliza jana ulitoka anasema hapana nilikuwa nyumbani tu, ukimuuliza samaki ulinunua wapi anakupa safari nzima mpaka jina la konda. Shida ni namna ya kuuliza.

#9 dada_mkavu
Hapo sawa. Lakini kwenye simu nani atamuuliza swali la samaki? Fomu haijui kama anauza samaki.

#10 Mtembezi_254
Salamu kutoka Nairobi wadau. Hata huku ni vile vile, na mimi naona mnasahau miguu. Ile survei ya JICA ya 2004 hapa Nairobi ilipata karibu nusu ya safari ni watu wanatembea. Sasa fungua dodoso lolote la mtandaoni uangalie orodha ya vyombo, inaanza gari la kibinafsi, teksi, pikipiki, matatu, basi, treni, na kutembea iko chini kabisa karibu na "nyingine". Mtu ametoka Kibera akatembea mpaka Industrial Area na kurudi, anaona hiyo orodha, anasema hii kitu si yangu, hii ni ya wenye magari. Anaandika hakutoka. Wekeni kutembea namba moja muone.

#11 Fundi_Fomu
Mtembezi hiyo nimeipenda, kwetu kutembea iko ya nane. Kesho inapanda juu.

#12 msimbo_mtupu
Wakuu mnaongea saikolojia wakati tatizo ni simu. Mimi hizi fomu ndo kazi yangu. Angalia safari ya mtu wa kawaida, linki imekuja WhatsApp, anaibonyeza inafunguka humo humo ndani ya WhatsApp, anajaza dakika kumi, inaingia meseji anatoka kwenda kuisoma, simu yenyewe memori ndogo imejaa picha za harusi, akirudi ukurasa umejipakia upya, majibu yote yameyeyuka. Ataanza tena? Hata wewe huanzi. Halafu nyie huko mnaona kwenye kompyuta kwamba "aliacha safari ya pili" mnaanza kutafuta sababu za kisomi.

Cha kwanza kila jibu lihifadhiwe pale pale. Cha pili mkitumia Google Forms mmeumia, haina namna ya kurudia kundi la maswali kwa kila mwanakaya na kila safari, utaishia kutengeneza kurasa za mtu wa 1 mpaka wa 8 na kila mmoja safari ya 1 mpaka ya 6, huo ni msitu. KoboToolbox, programu ya kukusanya data, inafanya marudio vizuri na hata bando likikata katikati inatunza, itatuma baadaye.

#13 Karani Mstaafu
Kobo naijua, nimeitumia sana. Lakini Kobo na mwenzake ODK zimetengenezwa kwa karani aliyepigwa semina, anayejua ile alama ya kujumlisha maana yake ongeza safari nyingine. Mama wa Tandale akiona alama ya kujumlisha haigusi. Anajaza ya kwanza, anashuka chini, anatuma. Kwenye data unaona kila mtu alifanya safari moja tu, ameenda na hakurudi. Mji mzima umelala kazini.

#14 msimbo_mtupu
😂 Hiyo kweli nimeiona. Dawa yake ni kitufe chenye maneno, sio alama: "Baada ya hapo ulienda wapi?" chini yake vitufe viwili, NILIRUDI NYUMBANI na NILIENDA SEHEMU NYINGINE. Fomu ibaki inauliza hivyo mpaka aseme amerudi nyumbani au amelala huko. Hapo hana namna ya kusahau kurudi.

#15 Baba Kizuiani
Na kitufe cha tatu, NIMEGEUZA NA GARI.

#16 mlinzi_wa_zamu
Kurudi nyumbani lini? Mimi naingia lindo saa 12 jioni natoka saa 12 asubuhi. Jana yangu inaanza wapi? Nikiulizwa jana ulitoka nyumbani saa ngapi naweka 12, nimerudi saa ngapi naweka 12. Ikaniandikia nyekundu eti muda wa kurudi hauwezi kuwa sawa na wa kutoka.

#17 Fundi_Fomu
Hili la saa mkuu ndo limetutesa kuliko yote. Kuna mtu kaweka alitoka 12:30 akarudi 1:15. Kompyuta inaelewa alitoka mchana akarudi saa saba na robo usiku. Kumbe katoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, karudi saa moja na robo jioni. Na kuna vijana wanaandika 07:00 kama simu inavyosema, mtu wa pembeni yake nyumba moja anaandika saa 1 kwa safari ile ile, wamepanda gari moja! Ukisafisha data huwezi kujua yupi katumia ipi, 9:00 inaweza kuwa asubuhi ya simu au alasiri ya Kiswahili, zote mtu anaweza kuwa njiani.

#18 bibi_mdogo_Unguja
Sasa hapo pagumu nini? Si muweke vitufe. Alfajiri, asubuhi, mchana, alasiri, magharibi, usiku. Akishachagua asubuhi ndo zinatoka saa 12, saa 1, saa 2, mpaka saa 5. Hakuna kuandika namba kwa mkono. Sisi huku Unguja mtu ukimwuliza ulitoka lini anakwambia baada ya adhuhuri, hana habari ya dakika.

#19 msimbo_mtupu
Wazo zuri ila vitufe sita kisha vitufe sita kwa kila muda, kutoka na kufika, kila safari, kila mwanakaya... umeongeza kubonyeza mara nne. Mimi naona uandike pamoja tu, saa 2 asubuhi na chini yake kwa maandishi madogo 08:00, mtu asogeze achague. Anayetumia ya simu anaona, anayetumia yetu anaona.

#20 bibi_mdogo_Unguja
Kubonyeza mara nne kwa uhakika bora kuliko mara moja kwa kubahatisha. Kisha hayo maandishi madogo mama yangu hayaoni.

#21 Mdau_wa_Leeds
Naomba niongeze jambo kuhusu swali la mlinzi. Nchi nyingi siku ya safari haianzi saa sita usiku, kuianzisha saa sita usiku ni makosa kwa sababu watu bado wako njiani wanarudi. Huku Uingereza ule utafiti wa kitaifa wa usafiri upo tangu 1965, kila mwaka bila kukatika tangu 1988, na mtu anaandika safari za siku 7 nzima. Saba! Na bado watu wanajaza. Kwa hiyo urefu peke yake sio sababu.

#22 Karani Mstaafu
Mdau wa Leeds kwa sasa huo utafiti ni wa England tu, tangu 2013, sio Uingereza yote. Na usisahau huko anakuja mtu mlangoni kwanza, anakaa, anaeleza, anaacha shajara. Halafu waangalie ujanja wao, matembezi mafupi ya chini ya maili moja hawakuulizi siku zote saba, wanakuuliza siku moja tu. Wamejua ukimlazimisha mtu aandike kila alipoenda dukani ataacha yote. Wamarekani nao siku yao inaanza saa 10 alfajiri mpaka saa 10 alfajiri ya pili, mlinzi wetu hapo anakatwa vipande viwili bado, lakini angalau safari ya wa baa inabaki nzima.

#23 Mdau_wa_Leeds
Asante kwa sahihisho. Ila hoja yangu ipo pale pale, urefu sio tatizo.

#24 chapati_za_maji
Wewe unajaza kwenye kochi na waifai mkuu. Mimi najaza kwenye daladala mkono mmoja umeshika bomba.

#25 mama_wawili_Tabata
Jamani mnazunguka. Niwaambie ukweli mimi niliacha wapi. Fomu iliniambia mtu mmoja ajaze kwa niaba ya kaya yote. Nimejaza yangu, nimejaza ya watoto, nikafika ya baba watoto. Jana alitoka kazini saa ngapi, alipita wapi kabla ya kufika nyumbani, alikaa hapo muda gani. Mimi najuaje? Aliniambia foleni. Niandike nini, kusudi la safari foleni? Nikamwita aje ajaze mwenyewe, akaangalia swali, akaniangalia mimi, akasema hao ni matapeli futa hiyo linki.

#26 Baba Kizuiani
😂😂😂 Jamaa ana akili ya haraka.

#27 mpangaji_wa_nje
Kambi yangu imelipa.

#28 Karani Mstaafu
Mnacheka lakini dada kaongea jambo kubwa kuliko wote humu. Ukimuuliza mtu mmoja safari za wenzake anakupa zile kubwa anazozijua, kazini na nyumbani, zile za katikati zinapotea zote. Na ukimpa kila mtu ajaze kwenye simu hiyo hiyo moja ya nyumbani, anayefuata anasoma ya aliyetangulia. Enzi zetu mlangoni nilikuwa namwambia mama naomba maji ya kunywa, akienda jikoni namuuliza baba haraka haraka. Kwenye simu hakuna maji ya kunywa.

#29 msimbo_mtupu
Kila mtu apewe linki yake, akimaliza ya kwake ifungwe isifunguke tena. Hilo linawezekana kabisa.

#30 mama_wawili_Tabata
Na asiye na simu janja? Mama mkwe ana kitochi. Dada wa kazi simu yake ni ya tochi vilevile. Na hao ndo wanaotembea sokoni kila siku. Mkiwapa linki wenye simu janja tu, mtajenga barabara ya wenye simu janja.

#31 Fundi_Fomu
Dada umenigusa penyewe. Dada wa kazi kwenye data yetu ni kama hayupo kabisa, wengi hata hawamwandiki kwenye wanakaya ingawa maelezo yanasema wote waliolala hapo usiku wa jana. Wanaandika familia. Na mpangaji wa chumba cha pembeni wengine wanamwandika, wengine hapana.

#32 dada_mkavu
Kwa sababu mnauliza "mko wangapi". Ulizeni jana usiku chakula kilipikwa cha watu wangapi, mtapata namba ya kweli. Sensa walikuja na usiku wa kuamkia Agosti 23, 2022, kila mtu alijua usiku gani unaulizwa, matangazo redioni miezi mizima. Nyie mna tangazo gani?

#33 salio_halitoshi
Mmesema yote hamjasema la hela. Nani analipia bando la kupakia hiyo ramani yenu? Nilijaribu moja ikaniomba niweke alama nyumbani kwangu kwenye ramani, ikazunguka, ikazunguka, ikaniletea bahari. Nikaivuta mpaka Gongo la Mboto kidole kinauma, bando la siku likaisha. Vocha waliyoahidi ilikuwa inatumwa "baada ya uhakiki". Hadi leo.

#34 kimya_kingi
Mimi sababu yangu tofauti na hata kama ungenipa bando la mwezi nisingejaza. Angalieni mnachouliza kwa jicho la mtu mwingine. Weka nyumba yako kwenye ramani. Mko wangapi. Mna gari au pikipiki. Kila mmoja anatoka saa ngapi na anarudi saa ngapi. Kipato cha mwezi. Yaani mwizi akikaa chini atunge fomu, atatunga hiyo hiyo. Tena inakuja kwa namba nisiyoijua, nchi hii hii ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Waliofunga waoga? Hapana, wana akili.

#35 Fundi_Fomu
Lakini mkuu ukurasa wa kwanza umeeleza kila kitu, taarifa ni siri, sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi imetajwa.

#36 kimya_kingi
Sheria ilipitishwa 2022 ikaanza kazi Mei 2023, naijua. Tapeli naye anajua kuitaja. Maandishi hayanipi imani, mwenyekiti wa serikali ya mtaa akituma kwenye grupu akasema hawa nawafahamu, barua yao ipo ofisini njooni muione, hapo nafungua. Na kwa nini mnataka nyumba yangu? Chukueni kituo ninachopandia. Kituo kinatosha kabisa kupanga mabasi.

#37 Mtembezi_254
Hapo naungana. Watu huku hawajui anwani ila kila mtu anajua stage, yaani kituo. Ile kazi ya Digital Matatus, chuo chetu cha Nairobi na wale wa MIT na Columbia, 2014 wakatoa ramani ya njia za matatu, walitumia wanafunzi kupanda magari na kurekodi stage kwa simu. Ukiwa na orodha ya stage mtu anaandika herufi tatu tu inajileta. Hakuna ramani ya kuvuta.

#38 msimbo_mtupu
Na Dar vituo vingi vipo tayari, mradi wa Ramani Huria tangu 2015 vijana walizunguka mitaa wakiweka kila kitu kwenye OpenStreetMap, ile ramani ya wazi ya mtandaoni. Tatizo majina. Andika "Njia Panda" uone zinakuja ngapi. Andika "Msikitini". Inabidi uweke na njia yenyewe, Tandika–Mwenge, Gongo la Mboto–Makumbusho, mtu achague gari kwanza ndo achague kituo.

#39 Karani Mstaafu
Kituo kinatosha kwa mabasi, hakitoshi kwa kutembea. Huyo anayetembea dakika 25 mpaka kituoni kwa sababu mtaani kwake hakuna njia ya gari, ukichukua kituo tu umeifuta shida yake yote. Na ndo huyo mpango unatakiwa umwone.

#40 kimya_kingi
Muulize anatembea dakika ngapi. Swali moja. Nyumba iacheni.

#41 Mdau_wa_Leeds
Dakika za watu hazina uhakika, kila mtu anaandika 5, 10, 15, 30. Tumieni GPS, simu inarekodi yenyewe mtu hajazi chochote.

#42 salio_halitoshi
Betri umemletea wewe?

#43 kimya_kingi
Nyumba nimekataa, sasa unataka simu inifuate kutwa nzima 😂

#44 bibi_mdogo_Unguja
Mimi nina wazo, msinicheke. Kwa nini mtu asiseme tu? WhatsApp ipo, sauti ipo. "Bwana jana nimetoka baada ya kumswalia mtoto chai, nimepita kwa shoga yangu, tukapanda gari mpaka Darajani, nimenunua mchele, nikarudi na bodaboda maana mzigo mzito." Sekunde ishirini. Kila mnachotaka kimo humo, na mengine hamkuuliza. Nyie wasomi ndo mkae kwenye kompyuta mkigawe kwenye visanduku vyenu.

#45 Karani Mstaafu
Bibi mdogo usidhani umechekesha. Mjerumani Brög na KONTIV yake ya 1976, dodoso la safari la Ujerumani, alishikilia jambo linalofanana na hilo, mhojiwa aeleze kwa namna yake na mtafiti ndo abebe mzigo wa kupanga, sio kinyume chake. Kwenye karatasi lakini, sio sauti. Hapa sisi tumechukua mzigo wa karani tukamtwisha mhojiwa, kisha tunamwita mvivu.

#46 msimbo_mtupu
Na nani atasikiliza sauti elfu tatu? Kumi zenye kelele za konda, tano mtoto analia, moja mtu amelala. Gharama yake ni ile ile ya karani mlangoni, umehamisha tu ofisini. Na nauli hatasema, muda hatasema.

#47 bibi_mdogo_Unguja
Asiposema mpigie umuulize hilo moja alilosahau. (Na ni "kumnywesha mtoto chai", simu imeniandikia yake.)

#48 chapati_za_maji
Nilikuwa nimeshaanza kumwonea huruma mtoto.

#49 Fundi_Fomu
Wakuu nimeandika yote. Tunaenda kujaribu matoleo mawili kwenye mitaa miwili ya Temeke, moja fupi yenye vituo na vitufe vya "baada ya hapo ulienda wapi", kipato kiko mwisho kabisa na kinaweza kurukwa, nyingine ya sauti. Zote zitapitia kwa mwenyekiti wa mtaa. Bosi amekubali vocha itoke kabla ya kujaza, sio baada.

#50 salio_halitoshi
Kabla ya kujaza? Mkuu kijana mmoja mwenye laini sita atakuwa kaya sita kufikia jioni.

#51 dada_mkavu
Na Temeke yote miwili? Mtu wa Goba anayepanda bajaji mbili kabla hajaiona lami mtamjua vipi?

#52 Fundi_Fomu
Goba itafuata, huko nakaa mwenyewe, vumbi nalijua. La laini sita tunafikiria mwenyekiti awe na orodha ya namba, lakini hapo kimya_kingi ataniuliza kwa nini mwenyekiti ana namba yake.

#53 kimya_kingi
Nakuuliza.

#54 mama_wawili_Tabata
Swali kabla hamjaenda. Watoto mnaanzia miaka mingapi? Fomu niliyojaza mimi ilikuwa watoto wote, nikatakiwa kumjazia na wa miezi saba, amepanda nini, nauli kiasi gani, kusudi lake. Nimembeba mgongoni kwenda kliniki.

#55 Karani Mstaafu
Wamarekani wanaanzia miaka 5. Wa miezi saba hahesabiwi, safari ni ya kwako.

#56 mama_wawili_Tabata
Safari ya kwangu kivipi wakati mgonjwa ni yeye? Bila yeye nisingetoka. Na konda alitaka nauli ya begi lake.